Ukienda Mbale, kobe wa Jinja aachiwe nani?

Naomba kusisitiza jambo moja: kobe asisafirishwe. Miaka ya Imbalu (sherehe za tohara za Wamasaba), kama 2024, familia nyingi za Jinja huenda Mbale mwezi Agosti, na nimeona kobe akisukumwa ndani ya boksi chini ya kiti cha taksi. Hayo ni mateso. Mwili wake hutegemea jua kupata joto. Akipoa, hata chakula alichokula hakisagiki vizuri. Jioni za mvua chini ya Mlima Elgon si zake.

Mwache nyumbani, umkabidhi jirani unayemwamini. Kabla ya kuondoka, jirani huyo amlishe mbele yako: nyasi na majani mabichi, si posho wala mkate. Maji yakae kwenye sahani pana isiyo na kina, yabadilishwe kila asubuhi. Apate jua na kivuli pia. Usiku jirani akague siafu, maana kobe hawezi kuwakimbia. Watoto wakimshika, wanawe mikono kwa sabuni, kwani anaweza kubeba salmonela.

Acha pia namba ya daktari wa mifugo na nakala ya kibali. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inataka kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kwa anayefuga mnyamapori. Jirani asije akapata matatizo kwa wema wake.

Nanyi wa Mbale mnaoshuka Jinja likizo, fanyeni vivyo hivyo.