Ritifaa Nayo Ina Haki Yake



Leo nataka kuitetea ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu katika neno ng'ombe. Wengi tunaiacha. Kwenye madaftari, kwenye ujumbe wa simu, hata kwenye vibao vya kuuzia mifugo utakuta "ngombe". Ukimkosoa aliyeandika atakujibu, "Si umenielewa, ustadhi?" Kwa ng'ombe, sawa, nimeelewa. Lakini hapa kwetu Kagera, Ngara ni wilaya, na kung'ara ni kutoa mwanga. Ngoa ni wivu, na ng'oa ndiyo amri anayopewa mwenye mgomba uliopatwa na mnyauko.

Nastaajabu zaidi anapoiacha mwanafunzi wa madrasa. Yeye anajua kuwa hamza haiachwi. Katika vitabu vingi vya herufi za Kilatini, ritifaa ndiyo inayoshika nafasi ya hamza katika al-Ma'ida, na hiyo hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya ain katika al-Ma'un. Alama moja, herufi mbili! Ndiyo maana tunasisitiza msome kwa Kiarabu chenyewe.

Sasa nyinyi wa sekondari, na Kiingereza chenu. "It's" ni kifupi cha "it is", na "its" ni ya kuonyesha mwenye kitu. Hilo mnafundishwa shuleni, sina haja ya kulirefusha. Linalonishughulisha mimi ni mali. Baba akiandika "my son's cows", ng'ombe ni wa mtoto wake mmoja wa kiume. Akiandika "my sons' cows", ni wa wawili au zaidi. Herufi ni zile zile, ila ritifaa imehama. Sasa fikirini karatasi hiyo inafunguliwa baada ya yeye kufariki, na wanaogawa mirathi wanataka kujua ng'ombe wepi ni wa marehemu na wepi alikwisha kuwapa wanawe, na ni wana wangapi. Nani ataulizwa?

Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana deni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Kwa maoni yangu uadilifu huo unafika hadi kwenye alama hii. Basi wazazi, mkikagua madaftari jioni na mkakuta "ngombe", mrudishieni mtoto aliandike upya.