Moyo Uliochoka Nao Una Mganga Wake

Mnaikumbuka Samunge ya Loliondo mwaka 2011? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, yule Babu wa Loliondo, aliwanywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ikafika kilomita nyingi. Watu walilala njiani na wagonjwa wao wa kisukari, pumu na UKIMWI. Babu alitutoka mwaka 2021.

Kikombe kilinywewa mara moja, na waliosubiri walikuwa wengi. Lakini aliyefika na majonzi ya kufiwa, je, alipata nafasi ya kuyasema?

Nafasi hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa saikolojia tiba. Anakaa nawe karibu saa nzima, wiki hii na wiki ijayo. Anakuuliza unalalaje, unakula nini, ni wazo gani linalokurudia usiku. Anakusaidia kuona wazo hilo linavyokuendesha, kisha anakupa jambo dogo la kujaribu nyumbani. Siri yako anaitunza, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Dawa ni kazi ya daktari wa akili, na mara nyingi wawili hawa hushirikiana.

Uende lini? Huzuni ikipita wiki mbili. Usingizi ukikukimbia, au pombe ikiwa ndiyo inayokulaza. Mama aliyejifungua akilia kila siku na kumkwepa mtoto wake. Na anayewaza kujiua apelekwe leo hii, wala asiachwe peke yake.

Anzeni kwenye zahanati au hospitali ya Wasso hapa Loliondo, nao watawaelekeza mbele. Ni kweli, wataalamu ni wachache na wengi wako mijini. Lakini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kukaa benchi moja na wenye mawazo mazito na kuwasikiliza, na utafiti umeonyesha kwamba wengi hupata nafuu. Sisi bibi zetu hawapo?

Nyumbani, badala ya kumwambia mwenzako "jikaze", muulize kinachomsumbua, kisha mwache amalize. Wewe mwajiri, mpe mfanyakazi wako ruhusa ya kliniki bila kumhoji sana. Anayesali aendelee kusali, na anayemeza dawa asiziache.

Na jirani akikosa nauli ya kwenda Wasso, tumchangie hapo hapo kitongojini, kama tunavyochangiana kwenye msiba.