Michezo ya shule si ya wale 18 tu

Juzi nilikwenda kushuhudia mechi za kusaka timu ya kata kwenye uwanja wa shule moja ya msingi jijini Dar es Salaam. Kazi iliyonipeleka ni soka la wavulana. Nikiwa naandika majina ya wafungaji, binti mmoja wa darasa la tano, kavaa sare na kandambili, akanisogelea.

"Shikamoo kaka. Sisi tunacheza saa ngapi?"

Nikamuuliza, sisi akina nani? Akanionesha kwa mkono upande mzima wa uwanja, watoto kibao waliotolewa madarasani. Nikampeleka kwa mwalimu wa michezo. Mwalimu akacheka: "Nyie leo kazi yenu kushangilia." Binti akarudi kukaa kwenye nyasi. Jioni mipira ikatiwa kwenye neti, neti ikaingia ofisini, kufuli likafungwa.

Simlaumu mwalimu yule, kafanya alichotumwa. Timu ikifungwa mapema anaulizwa kulikoni. Ikileta kikombe, kinawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu wageni wakione. Lakini hakuna anayemuuliza swali moja rahisi: mwaka huu watoto wangapi wa shule yako wamecheza?

Tupige hesabu. Tuseme shule ina wanafunzi 900. Soka inachukua 18, netiboli 12, wakimbiaji 10. Jumla 40. Waliobaki 860 ni mashabiki. Hao 40 nao, timu ikitolewa hatua ya kata, msimu wao umeishia hapo. Tunaita UMITASHUMTA na UMISSETA michezo ya shule, lakini kwa wanafunzi walio wengi ni michezo ya kutazama.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao 860. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa mfupi, na mwalimu alipanga timu kwa kututazama tu tulivyosimama mstarini. Nikaambiwa nikafyeke uwanja ili wenzangu wafanye mazoezi. Soka langu lote nililicheza mtaani, chandimu, kwa mpira wa matambara. Huko hakuna aliyeniambia sijafika kiwango. Niliambiwa tu nikae golini mpaka mwenye zamu yake achoke. Kama si mtaa, leo nisingekuwa naandika habari za mpira. Sasa jiulize, mtoto wa leo ambaye mtaa wao umejaa nyumba na fremu za maduka akachezee wapi? Kwake, uwanja wa shule ndio uliobaki.

Hili si suala la furaha peke yake, ingawa furaha ya mtoto ingetosha kuwa sababu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Utafiti wa shirika hilo uliotolewa mwaka 2019 ulionesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Kwetu michezo imo hadi kwenye mtaala, lakini kila mwalimu anajua kipindi gani kinaliwa kwanza mtihani ukikaribia.

Halafu kuna ugonjwa mwingine tunaoujua wote na kuuchekea: vijeba. Mtu ana ndevu, anaitwa mwanafunzi wa darasa la saba. Mamluki anaazimwa shule nyingine, anavalishwa sare asiyoijua. Haya hayaji yenyewe, ni matunda ya kuifanya michezo ya watoto iwe vita ya kikombe. Na kila kijeba anayeingizwa uwanjani, kuna mtoto halali anayerudishwa benchi.

Najua watakaosema tukichezesha kila mtu tutaua vipaji. Watazame Norway, nchi yenye watu wasiozidi milioni sita. Kule michezo ya watoto ina sheria zake: hakuna misimamo ya ligi wala kutangaza matokeo mpaka mtoto afikie umri wa miaka 11, na kila mtoto ana haki ya kushiriki. Je, wamekosa mabingwa? Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022 walibeba medali 16 za dhahabu, rekodi ya michezo hiyo kwa wakati ule. Na Erling Haaland, anayewanyima mabeki usingizi, amekulia kisoka humo humo, katika mji mdogo wa Bryne.

Wana pesa kutuzidi, kweli. Ila kumwacha mtoto acheze hakuhitaji pesa za Norway. Kipaji hakijulikani ukitazama urefu wa mtoto wa miaka 11. Mfupi wa leo anaweza kuwa mrefu kesho kutwa, lakini kama tulishamkatisha tamaa, hatutamkuta tena uwanjani.

Hatusemi vikombe vifutwe. Wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walipotwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule huko Durban, Aprili 2023, nchi nzima ilifurahi na walistahili. Tunachosema ni kwamba timu ya shule iwe kilele cha mlima, na mlima wenyewe uwepo.

Inawezekana bila bajeti mpya. Uwanja mmoja wa soka ugawe mara nne, cheza saba kwa saba. Badala ya watoto 22, wanacheza 56 kwa mpigo. Mechi ziwe za dakika 15, na ndani ya saa moja watoto 224 wameshagusa mpira. Siku nyingine uwe wa netiboli, rede, mbio za vijiti au kuvuta kamba. Anzisheni ligi ya madarasa, mkondo A dhidi ya mkondo B, kwa sharti kwamba kila mtoto aliyeandikishwa lazima aingie, wavulana na wasichana. Mwenye ulemavu atafutiwe nafasi ya kucheza, siyo kuhesabu magoli. Mipira ikiwa haba, watoto wetu wanajua kufuma ya matambara kuliko sisi.

Kwa TAMISEMI na maofisa michezo wa wilaya, ombi letu ni moja: kwenye ripoti ya kila shule, pamoja na idadi ya vikombe, ongezeni safu ya idadi ya watoto waliocheza. Mkianza kuiulizia namba hiyo, walimu wakuu wataitafuta, na kufuli la ofisi litafunguliwa. Wazazi nao waache kumpigia kelele mtoto aliyekosa goli. Mwulizeni kwanza kama amefurahi.

Yule binti sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Shule ikifunguliwa Jumatatu, kuna mtu pale anaweza kumjibu: leo, saa tisa na nusu, baada ya vipindi. Njoo na wenzako.