Bora Angekuwa Mwanaume

Mwezi huu naomba uniruhusu niziweke barua zenu pembeni kidogo nikusimulie yaliyonikuta nyumbani kwangu. Maana kila mwezi mimi ndiye ninayekaa hapa nikiwaambia watu, "mweleze mwenzio ukweli", "simu isiwe na siri", kumbe mwenyewe nilikuwa na siri yangu ya shilingi laki tatu.

Ilikuwa Jumapili usiku. Nilikuwa jikoni namalizia vyombo, simu nimeiacha mezani sebuleni. Meseji ya M-Pesa ikaingia, mume wangu akaitupia jicho: laki tatu zimetumwa, na jina la aliyetumiwa ni la kiume, jina ambalo hajawahi kulisikia. Akaniita kwa ile sauti ya chini, na wanawake mlioolewa mnaijua.

"Mama Neema, huyu ni nani?"

Nikaanza kuzunguka mbuyu. Ni mtu wa Rujewa. Mtu gani wa Rujewa? Mtu tu, tuna biashara kidogo. Biashara gani ya laki tatu usiku wa Jumapili? Nikaona naelekea pabaya, nikasema: "Ni advansi ya pikipiki. Nataka kununua pikipiki."

Hakugomba wala hakupandisha sauti. Aliiweka simu mezani polepole, akasema, "Bora angekuwa mwanaume."

Sasa usimfikirie vibaya. Mdogo wake alifariki mwaka 2015 kwenye barabara kuu ya TANZAM, pikipiki na lori. Tangu siku ile neno pikipiki kwetu halitajwi. Mume wangu bodaboda hapandi, hata mvua ikinyesha atatembea. Na mimi nilijua yote hayo nilipokuwa natuma ile hela. Ndiyo maana niliituma kimyakimya.

Lakini na mimi nina yangu. Nimekulia Rujewa, kule Mbarali kwenye mpunga. Baba alikuwa bwana shamba na serikali ilimpa Honda XL 125, na juu ya hiyo Honda ndipo nilipojifunza, nikiwa kidato cha pili, kwenye kingo za mifereji ya umwagiliaji, baba akikimbia nyuma akinipigia kelele niachie klachi taratibu. Nilipomaliza chuo, shahada yangu ya mawasiliano mkononi, kazi ya kwanza ilikuwa mradi mmoja hukohuko bonde la Usangu. Nikapewa Yamaha DT yenye namba za DFP, nikawa nazunguka vijijini na kamera mgongoni. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, kiuno kama nyigu, siogopi kitu. Nikaolewa, nikapata mimba, nikashuka. Hakuna aliyenishusha, nilishuka mwenyewe. Sasa nakaribia arobaini, tumehamia Mbeya kikazi, watoto wawili wanajivalisha wenyewe, na kila nikimwona binti kwenye pikipiki nageuza shingo.

Wanaume wakiwa hivi tunawacheka, tunasema mzee amerudia ujana. Mwanamke je? Hana hata jina la kuitwa.

Kilichoniponza ni picha niliyotumiwa na rafiki yangu. Yamaha Virago 250 ya mtumba kutoka Japani, nyekundu iliyoiva, iko uani kwa mtu pale Rujewa inauzwa milioni nne na nusu. Kama huijui, hii ni kruza, zile pikipiki za kukaa umejiachia: siti iko chini, hendeli pana, miguu inatangulia mbele. Yamaha walianza kuzitoa mwishoni mwa miaka ya 1980, na Marekani ziliuzwa baadaye kwa jina la V Star 250. Injini yake ina silinda mbili zilizokaa kama herufi V, ndiyo maana mlio wake haufanani na hizi Boxer zetu.

Siku tatu hatukuongea zaidi ya "chai iko mezani". Siku ya nne mume wangu akasema, "Jumamosi tunakwenda wote kuiona." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Twende tu."

Basi bwana, Jumamosi tukapanda basi la asubuhi. Pale Rujewa sikwenda moja kwa moja kwa muuzaji, nilimpitia kwanza fundi aliyekuwa akiitengeneza Honda ya baba. Sasa ni mzee mwenye mvi, miwani ameifunga kwa uzi. "Kamwene, mwanangu!" Nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Umemwambia aiwashe kabla hujafika?" Nikasema hapana. "Vizuri. Tusimpigie simu. Twende."

Na hapo ndipo nilipopata somo ambalo nisingelipata kwenye zile picha. Kufika, mzee hakuangalia rangi. Aliweka kiganja kwenye injini, ya baridi. Akatikisa kichwa kuridhika, akaniambia kwamba injini ukiikuta ya moto ujue mwenye mali ameamka alfajiri kuibembeleza, kwa sababu pikipiki mgonjwa huwa mkaidi ikiwa ya baridi. Yetu ilikataa mara mbili, ya tatu ikawaka kwa kukohoa. Sailensa moja ilipata moto upesi, nyingine ilichelewa, kwa hiyo silinda moja ilikuwa inasuasua. Muuzaji akaanza kutokwa na jasho. Mzee akamtuliza: moshi si wa bluu, maana yake haili oili. Hapa ni kabureta tu, imekaa na petroli ya zamani ikaganda humo ndani. Akafungua tanki akamulika na tochi, chini kulikuwa na kutu kidogo.

Akapangusa zile nguzo za shokapu za mbele kwa kitambaa, akanambia nikalie hendeli kwa uzito wangu mara tatu. Ya kulia ikaacha mstari wa oili, sili imekufa. Akaikamata cheni nyuma ya spoketi akaivuta, ikasogea kidogo tu, nzuri. Halafu akapiga magoti kwenye tairi. Msomaji, ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Hii ilisomeka 2311. Wiki ya 23, mwaka 2011! Kashata zake zilikuwa bado ndefu na nzuri ukiziangalia, ungeapa ni tairi jipya. Mzee akalikunja kwa dole gumba, nyufa zikafunguka kama midomo. "Hili ukiwa kwenye kona ya mvua," akasema, "halikuambii kwaheri."

Nilipogeuka, mume wangu hakuwepo. Alikuwa ametoka, amesimama kwenye ukingo wa mfereji ng'ambo ya barabara, mikono nyuma. Nikamfuata, nikajua safari imeishia hapo.

Akaniambia jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kunisimulia. Mdogo wake ile pikipiki aliinunua kwa siri. Aliogopa kaka yake atasema. Sasa ikawa ya siri kwenye kila kitu: akikosa hela ya tairi hawezi kuniomba, maana ataniambia ni ya nini? Breki ikilegea hawezi kuniuliza fundi gani mzuri. "Polisi waliponionyesha lile tairi," akasema, "lilikuwa limebaki kipara. Mimi nilikuwa na hela ya tairi mfukoni, Mama Neema. Siku ileile nilikuwa nayo."

Tulisimama pale muda mrefu, watoto wakivua perege kwa ndoana. Sikuwa na la kusema, na sikusema.

Tuliporudi uani, yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi na elimu yangu nililisahau. "Kadi iko wapi?" Muuzaji akaitoa. Jina si lake. Aliyeandikwa ni mtu mwingine wa Chimala, ambaye alimuuzia huyu kwa maneno na kupeana mikono, bila kubadilisha umiliki TRA. Mume wangu akachukua kadi, akainama kusoma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu, tarakimu moja moja, halafu ya injini. Zilifanana. Lakini akasema hela haitoki hadi mwenye jina apatikane na asaini yeye mwenyewe mbele ya wakili. Wengi tunanunua pikipiki za kadi yenye jina la mtu hatumjui, tunasema tutabadilisha baadaye. Siku ikikamatwa au ikagonga mtu ndipo unaanza kumtafuta marehemu.

Haya, je, ilinifaa? Hapo nitakuwa mkweli. Fundi alitaka ninunue Boxer. Vipuri vyake viko kila duka, hata dukani kwa muuza sukari. "Hii yako," akaniambia, "ikikuharibikia Igawa, utalala Igawa." Na ana haki. Kebo na plagi zitapatikana, lakini kifaa cha ndani ya injini utakiagiza Dar es Salaam na kusubiri. Tena iko chini, na barabara za Usangu masika si za pikipiki inayokwangua tumbo. Mtu wa kazi za vijijini kila siku asiiguse.

Lakini mimi sirudi kwenye ile kazi. Mimi nataka barabara ya lami asubuhi ya Jumamosi, niende nirudi. Na pale uani kulikuwa na XL kama ya baba, nikaipanda kwa kumbukumbu ya zamani, vidole vya miguu vikagusa chini kwa shida, mgongo ukalalamika kabla sijaondoka. Nimezaa mara mbili, mara moja kwa upasuaji. Yule binti wa DT hayupo tena. Virago siti yake ni kama sentimita 69 tu kutoka ardhini, nilikanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Uzito wake ni karibu kilo 147, kwa hiyo mzee alinilazimisha niisukume kinyumenyume kwenye mchanga peke yangu, na kuilaza kidogo na kuinyanyua. Nilihema, ila niliweza. Usiponyanyua dukani, njiani hutanyanyua.

Nikaiendesha kwenye uwanja wa mpira. Jamani! Gia za kwanza nilikuwa kama naendesha punda. Nilikuwa nafikiri mwili haujasahau, na kweli haujasahau kuondoka, kilichosahaulika ni kusimama. Nilikanyaga breki ya nyuma peke yake kama mtoto, wakati ya mbele ndiyo yenye nguvu, nikateleza hadi golini. Vijana wa kijiweni wakashangilia bao.

Tulikubaliana milioni tatu na laki sita, kwa sababu ya tairi zote mbili, sili na kabureta. Yule bwana wa Chimala alipatikana wiki iliyofuata, mzima wa afya, akasaini. Kisha nikagundua leseni yangu ya zamani ni daraja A1, ambayo mwisho wake ni injini ya cc 125. Kwa 250 nahitaji A. Kwa hiyo mhariri wenu mwenye shahada yuko darasani na vijana wa miaka kumi na tisa, na mwalimu ananiita "mama" kila anaponikosoa.

Mume wangu naye aliandika masharti kwenye karatasi ya daftari la Neema: hakuna usiku, hakuna mvua, miezi mitatu ya kwanza hakuna TANZAM, na kila mwisho wa mwezi anakagua tairi yeye. Nikaongeza langu moja chini, kwamba nikimpigia nimefika asijibu "sawa" tu. Tukasaini wote wawili. Karatasi iko kwenye friji chini ya sumaku ya nanasi.

Hajasema amekubali. Naomba mnielewe hapo, maana najua mtaniandikia kunipongeza. Usiku mwingine nikiamka namkuta amekaa sebuleni gizani, na sijui kama nina haki ya kumfanyia hivi mtu aliyekwisha kuzika mara moja. Nimemwambia nitaiuza akisema. Amesema hatasema.

Pikipiki bado iko kwa mzee Rujewa, inasubiri sili ya shokapu. Fundi ananiambia mume wangu anampigia simu kila jioni kuliko mimi mwenyewe.

Juzi nikaona meseji kwenye simu yake, iko mezani, na safari hii aliyeangalia ni mimi. Laki moja na themanini, jina la mwanamke. Nikamwita, "Baba Neema, huyu ni nani?" Akaingia chumbani akatoka na boksi. Helmeti mpya, ya kufunika uso mzima, saizi ndogo. Nimeivaa, inanibana mashavu kama mtu anayetaka kunibusu kwa nguvu, fundi anasema mpya ndivyo inavyotakiwa kukaa.

Ya kwake hajanunua. Sijamuuliza.