Kufa na Kutoweka: Sinema za Uchinjaji na Lugha ya Mauaji ya Watu Wenye Ualbino

1.0 Utangulizi

Katika nchi za Maziwa Makuu umekuwapo kwa muda mrefu usemi kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Wengi wameuchukulia usemi huu kuwa hekaya tu isiyo na madhara, kama zilivyo hekaya nyingine za wazee. Makala haya yanadai kinyume. Kitenzi kufa kikishaondolewa kwa mtu, kitenzi kuua nacho hupoteza uzito wake, kwani asiyekufa hauawi. Kwa hiyo usemi huo unamwondolea mtu kifo chake kabla panga halijamwondolea uhai.

Hoja hii inajadiliwa hapa kwa kuangalia sinema iliyotengenezwa kwa mikono ya Ulaya kuhusu mauaji yaliyotokea kwetu, nayo ni White Shadow, yaani "Kivuli Cheupe", ya mwongozaji Noaz Deshe. Sinema hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2013, na huko ilitunukiwa tuzo ya sinema bora ya mwongozaji anayeanza. Mtaji wake ulitoka Italia, Ujerumani na Tanzania. Ilipigwa nchini Tanzania, na wahusika wake wanasema Kiswahili.

Mjadala huu si wa kale. Tarehe 30 Mei 2024, katika Wilaya ya Muleba, mtoto wa kike mwenye ualbino, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 3, alinyakuliwa nyumbani kwao. Tarehe 13 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa ulikwisha kuitenga kuwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, ilipita mtoto huyo akiwa bado anatafutwa. Tarehe 17 Juni mwili wake ulipatikana, baadhi ya viungo vikiwa vimenyofolewa. Kwa siku 18 kutoweka hakukuwa hekaya tena. Kulikuwa ndiyo hali halisi ya mtoto mmoja wa Kagera. Sisi tunaoishi Maruku, katika mkoa huohuo, hatuna ruhusa ya kuizungumzia sinema hii kana kwamba inahusu nchi ya mbali.

2.0 Sinema Mbili, Nafsi Mbili

Ulaya na Marekani zina utanzu wa sinema ambao hapa tutauita sinema za uchinjaji. Muuaji mmoja, aghalabu mgeni au aliyefunika uso, huwawinda watu mmoja baada ya mwingine kwa kisu, shoka au msumeno. Baadhi ya sinema hizo zimetokana na mauaji ya kweli. Mfano ufaao kwa ulinganishi ni Angst ya Gerald Kargl, iliyotoka Austria mwaka 1983. Msingi wake ni mauaji ya watu 3 wa familia moja yaliyofanyika katika mji wa St. Pölten mwaka 1980. Katika sinema hiyo mtazamaji husikia sauti ya ndani ya muuaji tangu mwanzo. Kwa istilahi za sarufi, muuaji ndiye nafsi ya kwanza. Ndiye asemaye "mimi". Waliouawa hawana nafsi. Ni yambwa za kitenzi chake tu.

White Shadow nayo ina damu, panga na usiku. Hata hivyo, uelekeo wake ni tofauti. Anayefuatwa na kamera ni kijana Alias, mwenye ualbino, anayeshuhudia baba yake akiuawa. Mama yake humpeleka mjini kwa jamaa yao, Kosmos, dereva wa lori mwenye biashara ndogondogo zisizomtosha. Huko Alias hujifunza kuuza miwani ya jua, sinema na simu barabarani, humpenda Antoinette, binti wa Kosmos, na hatimaye hutambua kwamba mji nao una mitego kama kijiji. Hapa "mimi" ni yule anayewindwa. Ana njaa, ana ujanja wa biashara, ana wivu na mapenzi. Kwa hiyo mtazamaji hawezi kumwona kuwa mnyama wa mawindo.

Hapo ndipo ilipo thamani ya sinema hii. Baba yake Alias hatoweki. Anakufa, tena anakufa mbele ya mwanawe, na maombolezo ya mwana yanaendelea hadi mwisho. Sinema inamrudishia mwenye ualbino kitenzi alichonyang'anywa na usemi wa mitaani.

3.0 Ngeli na Thamani ya Mtu

Katika miaka ambayo mauaji haya yalishamiri, hasa kuanzia mwaka 2006 hivi, watu wenye ualbino walianza kuitwa "dili" mitaani. Neno hili, lililotoholewa kutoka Kiingereza, lina maana ya biashara yenye faida ya haraka. Wanaisimu hatupaswi kulipita neno hili kwa kusema kwamba ni lugha ya vijana tu.

Kiswahili kina kanuni ya upatanisho ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaifahamu. Nomino yoyote inayotaja kiumbe hai, hata kama umbo lake si la ngeli ya watu, huchukua upatanisho wa uhai. Tunasema "kipofu yule amefika", wala hatusemi "kipofu kile kimefika" ila kwa kukusudia dharau. Tunasema "ng'ombe huyu amelala". Lugha yetu imemhifadhia hata ng'ombe nafasi yake miongoni mwa walio hai. Neno "dili" halina hifadhi hiyo. Asemaye "dili hiyo imepita" amekwisha kumtoa mtu katika ngeli ya walio hai na kumweka mahali pa kabati na baiskeli. Sarufi imefanya kazi ambayo panga litaikamilisha.

Neno "kiungo" nalo limepata mashaka kama hayo. Sokoni Bukoba viungo ni iliki, mdalasini na bizari, vitu vya kupimwa kwa kijiko na kulipiwa. Mwilini viungo ni mkono na mguu. Maana hizi mbili zilikaa pamoja kwa amani hadi uliposikika usemi "biashara ya viungo", ambao umeziunganisha kwa namna ya kutisha: mkono wa mtu umepewa bei.

Kwa upande mwingine, umbo "mtu mwenye ualbino" linastahili utetezi wa kitaalamu. Wapo wanaolalamika kwamba ni refu, na kwamba "zeruzeru" ni neno letu la asili. Jibu ni kwamba kiambishi u- kinaigeuza hali kuwa dhana, na neno mwenye linaiweka dhana hiyo mikononi mwa mtu. Mtu anatangulia, hali inafuata. Urefu wa silabi chache ni gharama ndogo.

4.0 Mtenda Aliyefichwa

Sentensi iliyozoeleka zaidi katika taarifa za mauaji ni hii: "Ameuawa na watu wasiojulikana." Kauli ya kutendwa ni ya lazima katika lugha yoyote, na mwandishi wa habari asiyemjua muuaji hana budi kuitumia. Lakini sentensi hiyo inapobaki peke yake mwaka baada ya mwaka, inajenga picha ya muuaji yuleyule wa sinema za uchinjaji: mgeni, wa usiku, asiye na uso.

Ukweli wa mauaji haya si huo. Ni mnyororo. Yupo anayetaka utajiri au cheo, yupo mganga anayemtajia dawa, yupo dalali, yupo mbeba panga, na mara nyingine yupo mtu wa nyumbani anayefungua mlango. Katika shauri la Muleba, Jeshi la Polisi lilitangaza mwezi huohuo wa Juni 2024 kwamba limewakamata watuhumiwa 9, na miongoni mwao walikuwamo mtu wa familia, kasisi na mganga. Hatia ya mtu ni jambo la mahakama, wala makala haya hayana mamlaka juu yake. Tunachokisema ni kwamba orodha ya namna hiyo haiwezi kuingia katika sentensi yenye mtenda mmoja.

Inafaa kukumbuka kwamba kitenzi ua hakina umbo la kutendesha lililozoeleka katika matumizi ya kila siku. Anayewatuma wengine kuua tunalazimika kumweleza kwa maneno mengi: aliyeagiza, aliyelipa, aliyefadhili. Si kwamba lugha imemlinda kwa makusudi. Hata hivyo, kinachohitaji maneno mengi ndicho kinachoachwa kwanza nafasi ya gazeti inapokuwa finyu. Mahakama hazina udhuru huo. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu 3 kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, na kosa lao likaitwa kwa jina lake: kuua kwa kukusudia. Mahakama ilikiri kwamba aliyekufa alikufa. Lakini hata hapo, swali la nani aliyekuwa mnunuzi ndilo linalotakiwa kuulizwa katika kila shauri.

5.0 Mganga na Mchawi

Magazeti ya Ulaya yanapoandika juu ya mauaji haya hutumia neno moja la Kiingereza linalounga "mchawi" na "daktari" katika umbo moja. Kwa msomaji wa Ulaya mambo yamekwisha: Waafrika wana madaktari wachawi, na madaktari hao huua. Lugha zetu hazichanganyi. Kiswahili kina mganga na kina mchawi. Kihaya kina omufumu na kina omulogo. Wa kwanza huponya au hudai kuponya, wa pili hudhuru.

Utengano huu umo hata katika sheria. Sheria ya Uchawi ilianza mwaka 1928 chini ya Waingereza. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa mwaka 2002 ili kuwatambua na kuwasimamia waganga. Serikali iliposimamisha leseni za waganga Januari 2009, na ilipotoa tena katazo mwaka 2015, ugumu uliojitokeza ulikuwa kwa sehemu wa kiistilahi: ni nani hasa anayekatazwa? Anayetaka kiungo cha mtu hastahili jina la mganga, na kumwita hivyo ni kumpa heshima ya wale wanaotibu kwa mizizi na majani. Huyo ni mshiriki wa mauaji. Sinema inayomvika manyoya na moshi, ikamwacha abaki kioja cha Afrika, inamficha zaidi ya kumfichua.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba sinema kama White Shadow zinaliaibisha taifa mbele ya wageni. Aibu ipo, lakini haikuletwa na kamera. Lililo zito ni kwamba watazamaji wa Venice waliielewa sinema kwa kusoma tafsiri, ilhali watu wa Maruku, Kamachumu au Ngara wangeielewa kwa kuisikia. Katika vibanda vya video vya mkoa huu, kama vilivyo vya jirani zetu wa Uganda, sinema za kigeni zimezoea kupata msimulizi wa kuzifasiri. Hii haimhitaji. Aibu iliyo kubwa ni kwamba kazi isemayo Kiswahili ijulikane zaidi kwa wasiokijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuigiza mauaji kwa ajili ya tiketi ni kuuza mwili uleule mara ya pili. Hatuwezi kulipuuza. Iko siku mtu atataka kutengeneza sinema ya Muleba. Akiitengeneza kwa sarufi ya uchinjaji, yaani mtoto asiye na nafsi na panga lenye kiima chake, atakuwa ameongeza dili nyingine. Kipimo si wingi wa damu. Kipimo ni nani asemaye "mimi", nani anayeombolezwa, na kama mnyororo wa wauaji unaonekana hadi kwa mnunuzi.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba sarufi huua. Yanadai kwamba wauaji hupata nafasi pale lugha inapokuwa imekwisha kumpunguza mtu. Kazi ya wanaisimu basi iko wazi. Kamusi zetu ziandike chini ya "zeruzeru" na "dili" kwamba matumizi hayo ni ya dharau. Vyombo vya habari visaidiwe kupata istilahi za aliyeagiza, aliyelipa na aliyepokea, ili "wasiojulikana" wasibaki wasiojulikana kwa sababu ya uvivu wa sentensi. Idara za Kiswahili ziihakiki White Shadow kama zinavyohakiki tamthiliya, kwani ni kazi ya lugha hii.

Na usemi wa kwamba zeruzeru hafi ukanushwe kwa kitenzi kilekile, katika kila darasa na kila mimbari ya Kagera. Mtu mwenye ualbino hufa kama mtu yeyote, kwa uzee au kwa maradhi. Akifa kwa panga, ameuawa, na yuko aliyemuua.