Orodha ya wateja ni mtaji, tusiiharibu kwenye kompyuta

Mfanyabiashara mdogo wa Kilwa ana mitaji miwili. Wa kwanza ni mali yake. Wa pili ni majina na namba za wateja zilizomo katika simu yake. Huu wa pili wengi hawauhesabu, ingawa ndio unaouza ule wa kwanza.

Korosho na ufuta huuzwa kwa minada kupitia vyama vya msingi. Kwa nazi, machungwa au samaki wakavu mambo ni tofauti: muuzaji humtafuta mteja mwenyewe, mara nyingi Dar es Salaam, na kwa simu. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa, aliyeweza kuwapata wateja wake wote siku hiyohiyo alikuwa na nafasi ya kulinda biashara yake.

Kwa hiyo ni jambo jema kwamba wajasiriamali wanahamisha majina kutoka kwenye simu kwenda kwenye lahajedwali, yaani programu kama Excel. Humo unaweza kuwapanga wateja kwa mji, bidhaa na deni. Tatizo ni namna kazi hiyo inavyofanywa. Simu ikiachiwa kijana wa steshenari, faili la CSV hufunguliwa moja kwa moja, na programu hudhani namba ya simu ni hesabu ya kawaida. Sifuri ya mwanzo hufutwa. Namba zilizoanza na +255, bila nafasi katikati, hugeuka na kuonekana kama 2.55E+11.

Sifuri iliyopotea hurudishwa, kwa kuwa namba zetu za mkononi zina tarakimu 10. Zikibaki 9, unajua kilichokosekana. Hiyo ya pili ni hatari zaidi. Faili likihifadhiwa tena kama CSV katika hali hiyo, tarakimu hupotea kabisa na mteja amekwenda nazo.

Kinga yake ni rahisi. Fungua ukurasa mtupu, nenda kwenye menyu ya Data, chagua kuingiza faili la CSV, kisha safu ya simu uipe aina ya maandishi badala ya namba. Faili la awali lisiguswe. Kabla ya kulipa, linganisha idadi ya mistari na idadi ya majina yaliyotolewa kwenye simu, kisha piga namba tano za kujaribu.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mteja alikupa namba yake kwa ajili ya biashara yenu. Usiiache orodha katika kompyuta ya mtu mwingine, wala usiigawe.

Kwa maoni yangu, vyama vya msingi na maofisa biashara wa halmashauri za Kilwa, Mtama na Lindi waingize somo hili katika mafunzo ya ujasiriamali. Halihitaji bajeti kubwa. Kompyuta moja na saa mbili zinatosha. Tunawafundisha wakulima kuhifadhi mazao yasioze ghalani. Tuwafundishe pia kuhifadhi namba za wanaoyanunua.