Wasanii Wetu Wakija, Maneno Nayo Yaje

Tamasha la muziki wa dunia la WOMAD lilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982, huko Shepton Mallet, Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walikuwemo. Baadaye marehemu Hukwe Zawose wa Tanzania aliufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa hayo hayo, na mwaka 2005 Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, akatunukiwa tuzo ya muziki wa dunia ya WOMEX. Heshima hizo walizistahili. Lakini mara nyingi kipo kinachoachwa nyuma wasanii wetu wanapopanda jukwaani, nacho ni maneno. Mgeni huelezwa nchi ya mwimbaji na sifa za mdundo wake. Wimbo unasema nini, haambiwi.

Kwa taarab huo ni upungufu mkubwa. Mwimbaji wa Zanzibar Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alipendwa kwa kuwa aliimba Kiswahili wakati taarab ya kasri ikiimbwa Kiarabu, na watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Zanzibar, wakayasikia mambo yao wenyewe ndani ya santuri. Hadi leo shairi la taarab hutimizwa na msikilizaji: fumbo likimgusa huinuka, akaenda mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji kwa noti. Kutunza ni kujibu ubeti. Ukumbi usioelewa ubeti hushangilia kwa dhati, ila jibu lake linaishia kwenye fidla na ganuni.

Wapo wanaosema muziki hauhitaji mkalimani. Kweli, ngoma ya Burundi humsisimua hata asiyejua Kirundi. Ila kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia; asiyelijua hilo husikia kishindo tu, ufalme ukampita. Hoja nzito zaidi ni ya wapenzi wa taarab wenyewe: fumbo likifumbuliwa limekufa. Hapo tunakubaliana nao, na ndiyo maana tunapendekeza yafasiriwe maneno, fumbo libaki limefumbwa.

Kazi hiyo ni ya waandaaji? Ndiyo, wao ndio wanaouza tiketi, na wanastahili kudaiwa. Lakini anayejua kwa nini ubeti fulani unauma yumo miongoni mwetu tunaokijua Kiswahili. Basi tuwaandikie waandaaji mapema, tuombe mashairi kwa ridhaa ya wasanii, tuyafasiri, yachapwe ukurasa mmoja na kugawiwa mlangoni. Na siku ya onyesho tukae viti vya mbele, noti za kutunza zikiwa mkononi.